Gari ya Wete kwa karatasi tupu, na ushauri nilioutupa

Nimetengeneza kwa karatasi mfano mdogo wa daladala ya Wete, na kila mtu alikuwa na ushauri wake. Kwanza manila. Yeyote utakayemwambia unataka kutengeneza gari ya karatasi atakwambia kanunue manila, maana nzito, maana inasimama. Nimeambiwa hivyo na mwalimu wa skuli, na muuza madaftari, na mpwa wangu ambaye hajawahi kukunja hata tiara. Manila ni nzuri kwa mabango ya darasani. Ukiikunja kwenye kona nyembamba inapasuka juu, inatoa manyoya, na rangi uliyopaka inaachia mstari mweupe unaoonekana toka mlangoni. Karatasi niliyoelewana nayo ni ya gramu 160, yaani mita moja mraba yake ina uzito huo. Ile ya kawaida ya fotokopi ni 80. Hapa Chake Chake, Pemba, sikuipata siku ile, nikamuagiza mtu Unguja akaja nayo kwa boti. Ilinigharimu kama elfu kumi na kitu pamoja na soda yake. Palipotaka uimara, kama boriti za chasisi, nilibandika karatasi mbili tatu pamoja, nikazilaza usiku kucha chini ya kichwa cha cherehani.

Cherehani ndiyo kazi yangu, na nasema bila haya kwamba ndiyo iliyonifikisha. Watu wanastaajabu fundi nguo katengeneza daladala. Waliotakiwa kustaajabiwa ni wale wanaoanza bila kujua kukata. Kuchukua kitu chenye mwili, ukakivua kikawa vipande bapa, kisha ukavirudisha vikawa mwili tena: suruali ni nini kama si hivyo? Siku hizi kuna programu ya Kijapani inaitwa Pepakura, inachukua umbo la gari ndani ya kompyuta na kulifungua likawa karatasi bapa yenye ndimi za kubandikia. Nzuri sana. Mimi sina kompyuta, nina karatasi ya grafu na penseli.

Kipimo changu ni 1 kwa 25, yaani milimita 25 za gari ya kweli ni milimita moja ya karatasi. Sikukibuni mimi. Wapolandi, ambao wana jarida la vitu vya kukata na kubandika tangu 1957, ndicho wanachotumia kwa magari na vifaru. Ndege wanazifanya 1 kwa 33. Uzuri wa 25 ni hesabu yake. Pima kitu kwa milimita, zidisha kwa nne, futa tarakimu mbili za mwisho. Kichwa cha Dyna niliyoipima, lile lori dogo la Toyota linalobeba abiria, kina upana wa milimita 1,700. Mara nne ni 6,800. Futa mbili, unabaki na milimita 68. Hata dukani huku mteja anakusubiri unaifanya kichwani.

Kuipima hiyo gari kulikuwa na kisa chake. Nilikwenda stendi adhuhuri, wakati gari za Wete zinasubiri abiria, na futi yangu ya kupimia nguo shingoni. Nikaanza na mlango, nikaja kwenye madigadi, nikapiga goti nipime kutoka ardhini hadi chini ya bodi. Konda akatoka mbio, kijana mdogo, akidhani nimetumwa na wakubwa kuja kuangalia kama bodi imezidi kipimo.

"Mjomba, kibali tunacho!"

Dereva mtu mzima, ananijua, bibi harusi wake alishonewa nguo kwangu. Akachungulia dirishani, akacheka mpaka akakohoa.

"Fundi, unaishonea kanzu?"

Nikamwambia ndiyo, na shingo yake nene. Basi abiria wakaanza kunisaidia, mmoja akashika ncha ya futi, mwingine akaandika. Nilipata vipimo vya mabenchi, keria, ngazi ya nyuma, hata urefu wa ile kamba ya kuvuta kengele. Kwa anayetaka kuanza: nenda wakati gari imesimama, na uwe na futi ya nguo, maana futi ya chuma haijikunji kwenye mviringo wa paa.

Kukata na kukunja sitaeleza, kila mtu anajua. Wembe mpya, rula ya chuma, kalamu iliyokwisha wino ya kuchora mkunjo.

Ila uzi wa karatasi hakuna aliyenitajia, na hapo ndipo fundi nguo anapowazidi wenzake. Karatasi ina uzi kama kitambaa kilivyo. Ikunje taratibu bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande mmoja utakubali, upande wa pili utakataa. Mviringo wa paa na zile kona za kichwa cha Dyna lazima zifuate upande unaokubali. Ukikosea, karatasi inavunjika vipande vipande kama ngazi, na hakuna gundi ya kuponya hapo.

Michoro nilichora mara moja kwenye grafu, halafu nikaipeleka fotokopi ikatolewe kwenye ile karatasi ya gramu 160. Shilingi mia mbili, mia tatu kwa ukurasa, sikumbuki. Fotokopi, si ile printa ya wino wa maji. Wino wa fotokopi ni unga unaochomwa juu ya karatasi, ukigusa gundi hautiririki. Wa maji unatiririka, na ukishatiririka kwenye mlango mweupe, mlango umekwenda.

Sasa gundi. Mzee mmoja wa barazani kwetu, namheshimu, aliniapia kwamba gundi ya unga wa ngano ndiyo gundi. "Tulibandikia tiara enzi zetu, zikaruka mpaka zikapotea Kisiwa Panza." Sawa. Nikapika unga, ukawa mlaini mweupe mzuri kabisa, unateleza, unakupa muda wa kusogeza kipande mpaka kikae. Nikasema kweli wazee wana mambo. Nikajenga kichwa chote na nusu ya paa kwa gundi ile, nikakiweka juu ya kabati, nikalala na furaha yangu. Asubuhi nilipokishika, paa likaniachia mkononi. Nikadhani unyevu. Nikalisogeza dirishani: kila panapokutana kipande na kipande palikuwa na meno. Meno madogo madogo, yamefuata mstari wa gundi kwa unyoofu ambao hata mimi na rula siupati. Mende hakugusa milango, hakugusa kioo, hakugusa hata namba. Alikuwa na shida na unga tu, na alijua ulipo wote, hata ule niliouficha ndani ya ndimi. Nilimpelekea mzee yule nikamwonesha. Akaligeuza geuza paa, akasema ningetia chumvi.

Toka hapo ni gundi nyeupe ya mbao tu, ya kikopo kidogo, nilinunua elfu tatu au nne. Itie kwa ncha ya sindano, kidogo, mpaka uone kama hujatia. Gundi hii ina maji, na karatasi ikinywa maji inavimba. Ukiimwaga, ubavu wa gari unapinda na haurudi. Na sisi hapa hewa yenyewe tayari ni maji. Wakati wa masika nilikata ubavu asubuhi, nikakata paa siku ya pili baada ya mvua, paa likazidi ubavu kwa karibu milimita moja. Nilipima tena mchoro, mchoro uko sawa. Karatasi ndiyo iliyokua. Sasa karatasi zangu zote na vipande vilivyokatwa vinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Muombe muuza viatu, anavitupa. Vikishashiba unyevu, muombe vingine.

Kisha matairi, na hapa nilikaribia kugombana na watu. Kila aliyepita dukani alisema, fundi, kata malapa! Malapa ni ya gari za makopo za watoto, na nilizitengeneza sana nilipokuwa mdogo, lakini nimesema gari ya karatasi, basi ni karatasi mpaka chini. Tairi la gari lile limeandikwa ubavuni 7.00-16. Upana inchi saba, rimu inchi kumi na sita. Inchi ni kama milimita 25, kwa hiyo kwa kipimo changu upana unakuwa milimita 7, rimu milimita 16, na tairi zima toka juu hadi chini milimita 31. Nikakata kanda za milimita 7 kwenye karatasi ya gramu 80, nikatafuta makapeni yenye unene wa rimu, nikaanza kuzungusha, gundi kidogo, zungusha, gundi kidogo. Karatasi hiyo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo mpaka ufike nje ni mizunguko kama 75. Ukiinyoosha ni mita tano na nusu za ukanda. Tairi moja! Na gari ina sita, maana nyuma ni mbili mbili, na la akiba. Mke wangu alikuwa ananikuta nazungusha, anaondoka bila kusema kitu.

Likishakauka lipake supagluu nyembamba kabla ya msasa, lisitoe manyoya. Kashata za tairi nilizichonga kwa wembe.

Lakini ninachojivunia zaidi ya yote ni riveti, na siri hii nimefikiri kuitoa au kutoitoa. Niitoe tu. Ubavu wa ile bodi ya mbao chini umepigwa bati, na bati lina riveti pembezoni, mstari mzima. Bila riveti gari inaonekana boksi. Nilijaribu kuzidunga kwa sindano moja moja kutoka nyuma ya karatasi. Mstari ukaenda kama njia ya mlevi. Nikaacha, nikarudi kwenye gauni la mteja, na wakati nahamisha alama za pensi, ile mikunjo ya kubana gauni mwilini, nikatazama kilichomo mkononi mwangu: kile kigurudumu chenye meno tunachopitisha juu ya kitambaa. Nililiacha gauni hapo hapo. Nikageuza ubavu wa gari, sura chini, juu ya flana iliyokunjwa, nikaweka rula, nikapitisha kigurudumu mara moja. Nilipougeuza, vichwa vya riveti vimesimama safu moja, sawasawa, umbali wa milimita mbili, ambayo kwa gari ya kweli ni sentimita tano. Nilipiga kelele, jirani akaja kuuliza kuna nini.

Masharti yake: meno yawe butu, yakiwa makali yanatoboa, kwa hiyo nimeyasugua kwa msasa. Kandamiza wastani. Na fanya kabla hujakata wala kukunja. Kigurudumu changu sasa nina viwili, cha gari na cha nguo, na wateja wasiulize kwa nini.

Turubai za pembeni, zile zinazofunguliwa mvua ikinyesha, ni karatasi laini ya ndani ya boksi la viatu, imechovywa kwenye gundi iliyotiwa maji na rangi ya buluu, ikaviringishwa ingali mbichi na kufungwa kwa uzi. Ikikauka inabaki na makunyanzi yake. Vioo ni plastiki ya boksi la shati. Vioo si karatasi, najua, msinianze. Kingo zote zilizokatwa zipake rangi kabla ya kubandika, kwa sababu karatasi ndani ni nyeupe na weupe ule ndio unaomwambia mtu kwamba hiki ni kitu cha skuli. Juu ya keria nimepakia magunia matatu ya karafuu kwa karatasi ya kaki. Watu wanataka na baiskeli. Wanaotaka baiskeli waje wakate spoki wenyewe.

Namba 606 mbele, Wete, na juu ya kioo nimeandika "Subira" kwa mkono, kwa herufi zile zile za yule mchoraji wao.

Nilimpelekea dereva stendi. Aliishika kwa vidole viwili, akaizungusha, akachungulia chini akaona springi na paipu ya moshi, akamwita konda, akamwita na dereva wa Konde. Nilisimama pale kama niliyezaa pacha. Mwisho akakunja uso.

"Fundi, mbona tairi zote mpya?"

Nikatazama la kwake la mbele kushoto. Kweli, upara mtupu. Msasa ulikuwa mfukoni, nikaketi kwenye ngazi yake ya nyuma nikaanza kulikwangua lile la karatasi mpaka kashata zikaisha. Nikamuuliza na la nyuma je?

"La nyuma liache," akasema. "Hilo nimebadilisha juzi."