Siku Yangu ya Makaa na Masizi, Dorset

Agosti 2022, Great Dorset Steam Fair, maonyesho ya mashine za mvuke, kijijini Tarrant Hinton, kusini mwa Uingereza. Namsaidia mzee mmoja mwenye gari la mvuke aina ya Burrell, lililoundwa Thetford mwaka 1913. Kazi yangu ni kushika usukani, kuteka maji na kuchafuka.

Saa 11 alfajiri. Umande umelowesha viatu. Kabla ya kiberiti, kioo cha maji: Mzee haniruhusu kugusa kuni mpaka aone maji yamefika wapi. Boila ikikauka moto ukiwaka, mtu hasimulii. Nasugua masizi kwenye mabomba ya moshi kwa brashi ndefu, nakokoa majivu ya jana, ndipo nawasha.

Saa 1. Tunangoja mvuke. Chuma baridi ukikipasha kwa pupa, viungo vinavuja. Chai, mayai, chai tena.

Saa 4, tunatoka. Usukani huu unavuta minyororo. Unazungusha weee, ndipo magurudumu ya mbele yaanze kukusikia.

Saa 5, nikaharibu. Tulikuwa tunavuta trela la magogo kupanda kilima. Nikaona moto umefifia, nikatupa koleo sita mfululizo. Moshi mweusi tii, presha ikaporomoka, tukakwama katikati ya mlima watu wakitupiga picha. Mzee hakufoka. Akachukua koleo, akarusha makaa kiduchu pale tu palipong'aa weupe, akafunga mlango, akangoja. Akafungua, akarusha tena. Robo saa hivi, tukaondoka.

Saa 9, mapumziko, nikayapitiliza. Injini mbili za mvuke za Fowler, za Leeds, kila moja upande wake wa shamba, zilikuwa zinavutana plau kwa kebo ya chuma. Injini zenyewe hazikanyagi udongo unaolimwa!

Saa 2 usiku. Mashine za mvuke zinazungusha dainamo, bembea zote zinawaka taa. Nimeoga mara mbili, masizi bado yako masikioni.

Nikamtumia baba, Mombasa, sauti ya filimbi yetu. Ujanani alikuwa mchochea moto kwenye injini za treni, Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizotoka Manchester, tani 250 na ushei kila moja. Zilichoma mafuta, kwa hiyo koleo hazijui, ila hilo hasemi.

Akajibu: "Mwanangu, hiyo ni birika. Yetu ikilia Changamwe, Mazeras wanaamka."