Nisomee na yangu

“Wewe si ndiye unayesoma damu za watu? Basi nisomee na yangu.”

“Yako haina neno, Bibi. Huo mgongo ni umri.”

Ndiyo maneno yenyewe, miezi mitano iliyopita, sijaongeza wala kupunguza. Wiki hii mdogo wangu kajifungua mapacha, kazini wakaguzi wamekuja na tumepita, lakini nikilaza kichwa nasikia sauti yangu tu: ni umri. Tena nilisema huku nacheka.

Dalili zote zilikuwa mezani. Himoglobini 8.4, ya chini, na ukubwa wa chembe nyekundu 91, wa kawaida kabisa. Upungufu wa madini ya chuma ungezifanya ndogo. Bado akamezeshwa vidonge vya chuma miezi mitatu, himoglobini haikupanda, na hakuna aliyeuliza kwa nini, nami nikiwemo. Mgongo wenyewe ulikuwa ukimwamsha usiku, tukampa diklofenaki, dawa ya maumivu. Ikiwa ni mailoma, yaani saratani ya seli plazma (zile zinazotengeneza kingamwili) za kwenye uboho, figo zake tayari zinahangaika na protini inayoziziba, na sisi tukaziongezea dawa inayoziumiza.

Karatasi niliyoifukua Jumapili ndiyo iliyonimaliza. Jumla ya protini kwenye damu 9.8, na albumini, ambayo ni moja ya protini hizo, 3.1. Toa, unabaki na 6.7. Tofauti ikizidi 4 lazima uulize protini iliyobaki ni ya nini. Watu walisoma albumini peke yake, wakaona ipo chini, wakasema Bibi hali chakula vizuri. Kijiti cha mkojo nacho kilionyesha hakuna protini, tukaridhika, wakati kijiti kinatambua albumini tu. Minyororo myepesi ya mailoma, yaani vipande vya ile protini yake, inapita hapo bila kuonekana.

Jumatatu nikamtoa damu mwenyewe. Chupa ya kofia ya zambarau, imejaa hadi kwenye mstari, nikaipindua taratibu mara nane, na slaidi nikaitandaza ndani ya saa moja, maana damu ikilala chembe huharibika na utasoma mambo ambayo hayapo. Ilipopakwa rangi, hata kabla sijaiweka kwenye hadubini, ilikuwa na ubuluu usio wa kawaida. Ndani, chembe nyekundu zimebebana kama sarafu. Sehemu nene ya slaidi hupangana hivyo kwa mtu yeyote, kwa hiyo nikasogea kwenye wembamba. Bado sarafu. Nikasogea tena. Sarafu. Protini ikizidi kwenye damu, ndivyo chembe zinavyobebana.

Nikamwambia daktari wa damu, naye akaagiza mengine: kalsiamu, kreatinini ya kupima figo, minyororo myepesi, elektroforesisi inayotenganisha protini za damu kwa umeme, na mkojo wa saa 24. Elektroforesisi ilirudi na mstari mmoja mwembamba, mweusi, yaani protini ya aina moja tu, mahali ambapo kwa kawaida ni kama ukungu uliotawanyika. Mkojo ulitutoa jasho. Ule wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, saa inaandikwa, kisha kila tone linahifadhiwa mpaka na ule wa asubuhi inayofuata. Saa nane usiku Bibi akamwaga mmoja chooni kwa mazoea. Tukaanza upya, maana ukikosekana mmoja hesabu yote ni ya uongo.

Alhamisi ikawa zamu ya uboho. Kabla ya yote waliuliza kama anatumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, ganzi ikapigwa kwenye ngozi hadi juu ya mfupa wa nyonga. Nilimwambia ukweli: ganzi haifiki ndani ya mfupa, kwa hiyo uboho ukivutwa utasikia kama umeme ushukao mguuni, sekunde chache tu. Wanavuta kidogo kwanza kwa ajili ya slaidi, kwa sababu ukiendelea kuvuta unapata damu tupu iliyouzimua uboho. Kisha kikakatwa kipande cha mfupa. Hicho huchukua siku kadhaa, lazima kilainishwe kwanza ndipo kikatwe vipande vyembamba.

Akiwa amelala chali, uzito wake ukikandamiza jeraha, akaniuliza:

“Umeisoma?”

“Nimeisoma, Bibi.”

“Ikoje?”

Nikamwambia za sarafu. Sikujua niseme nini kingine, na majibu ya uboho hayajatoka. Wakikuta seli plazma kuanzia asilimia 10, na damu imeshapungua hivi, jina litakuwa limepatikana.

Akanyamaza kidogo. “Kumbe nina pesa humu ndani miaka yote, na nyie mnaniletea vijisenti.”

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka pia, na nilipofika nyumbani nililala saa saba mfululizo, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Ufunguo wa kabati la vitendanishi siuoni tangu jana mchana. Mifuko ya koti nimeshapekua mara mbili.