Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya kupika bia kwa nafaka

Saa 12 kasorobo asubuhi. London ya Februari bado ni giza tupu, na sakafu ya jikoni imepoa kama jiwe la mtoni. Ndoo za maji zipo palepale nilipoziacha jana usiku, lita 30, zimetiwa nusu kidonge cha Campden cha kuondoa klorini. Usipoiondoa, klorini huipa bia harufu ya plasta ya kidonda. Nimeshamwaga ndoo nzima kwa kosa hilo, na sitaki kurudi huko.

Miezi kumi sasa nimekuwa nikitengeneza bia ya kopo. Unanunua sharubati nzito ya kimea, unachanganya na maji na sukari, unatia hamira, basi. Inanyweka. Lakini mimi ni mtoto wa Marangu, Kilimanjaro. Nimekua nikiona ulezi ukilowekwa, ukioteshwa, ukianikwa na kusagwa kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kufungua kopo kulinifanya nijisikie kama mtu anayesema amepika wali kumbe amepasha kiporo. Leo naanza na nafaka yenyewe, kwa mara ya kwanza.

Saa 12:30. Napima kimea. Kilo 3.8 za shayiri ya Maris Otter, nusu kilo ya kimea cha kahawia, gramu 300 za kimea cha kristali, na gramu 200 za kile kinachoitwa chokoleti, ingawa hakina kakao hata chembe. Jina limetokana na rangi. Nimetafuna punje moja moja ya kila aina. Maris Otter ina utamu wa biskuti, chokoleti ina uchungu wa kahawa iliyokaangwa. Dukani wamenipasulia tu, hawakusaga. Ulezi wa mbege tunausaga uwe unga, lakini shayiri ina ganda, na ganda hilo ndilo litakalokuwa chujio baadaye. Ukilisaga umejifungia mlango mwenyewe.

Nimechagua porter, aina ya bia nyeusi, kwa sababu ya maji. Anayeishi London anaujua ukoko mweupe ndani ya birika: maji ya hapa yana chokaa nyingi. Kimea cheusi kina uchachu unaoituliza chokaa hiyo, ndiyo maana bia nyeusi imelikubali jiji hili tangu karne ya 18. Jina lenyewe lilitokana na wapagazi wa masoko na bandari waliokuwa wakiinywa baada ya kushusha mizigo. Kwa mpishi anayeanza, naona ni busara kupika kile ambacho maji yako yanakitaka kuliko kupigana nayo.

Saa 1:15. Maji lita 12 na nusu yamefika nyuzi 75. Nataka mchanganyiko utulie kwenye 67, na nafaka baridi itayashusha nyuzi nane hivi. Namimina kwenye deli, lile la kubebea vinywaji pikiniki, ambalo baba watoto alilitoboa na kulifunga bomba. Namwaga nafaka huku nakoroga kwa mwiko mrefu, madonge yasibaki. Binti yangu wa miaka tisa ndiye msomaji wa kipimajoto.

"Sitini na nne, mama."

Moyo ukanidunda. Nilisahau kulipasha deli kwanza kwa maji ya moto, na plastiki baridi imekula joto langu.

Mtu anaweza kusema nyuzi tatu ni kitu gani. Ni bia nyingine kabisa. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya vya aina mbili vinavyokata wanga kuwa sukari. Vya kwanza hupenda nyuzi 60 hadi 65, na hukata vipande vidogo ambavyo hamira huvila karibu vyote. Bia inatoka kavu na nyepesi. Vya pili hupenda kuanzia 68 hadi 72, na huacha vipande vikubwa ambavyo hamira haiviwezi, kwa hiyo bia inajaa mdomoni. Kwenye 67 vyote vinafanya kazi pamoja. Porter ya siku ya baridi lazima ijae mdomoni.

Nikawasha birika. Kikombe kimoja cha maji yanayochemka, koroga, pima. Kingine, koroga, pima. Ilichukua kama lita moja na robo. "Sitini na saba!" Nikafunika na kulizungushia deli blanketi mbili.

Saa 2:40. Saa nzima imepita. Nyumba inanukia uji, mkate na kahawa kwa pamoja. Nachota matone machache kwenye kisahani cheupe, naongeza tone la iodini. Wanga ukiwepo, iodini hugeuka buluu nyeusi. Ilibaki na rangi yake ya hudhurungi. Nilimwita binti aone: muda huo wote hatukugusa chochote, na wanga umegeuka sukari. Akaonja kijiko. "Kama asali iliyoungua kidogo," akasema, na sijapata maelezo mazuri zaidi.

Saa 2:50. Kukamua. Jagi tatu za kwanza zinatoka na vumbi, nazirudisha juu taratibu mpaka maganda yajipange na maji yatoke safi. Aliyewahi kukuna nazi haelezwi hatua hii. Yanatoka maji ya kwanza, mazito na matamu, ndiyo kasimile yetu. Kisha namimina maji mengine ya nyuzi 77, lita 15, kusuuza sukari iliyobaki, na hilo ndilo tui la pili. Haraka haitakiwi. Bomba ukilifungua lote nafaka inajikandamiza, na hakitoki kitu tena. Nimekaa kwenye kigoda karibu saa nzima nikitazama uzi mwembamba mweusi ukiingia kwenye sufuria.

Saa 4:30. Lita 24 zinaanza kuchemka. Povu linapanda ghafla kama la maziwa, kwa hiyo sibanduki hapo. Likishatulia natia gramu 50 za hopsi, maua ya kutia uchungu, za aina ya Fuggles. Zitachemka saa nzima ili uchungu wake utoke, na nyingine gramu 15 zitaingia dakika kumi za mwisho kwa ajili ya harufu.

Kwetu Moshi ni mchana sasa. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unapika pombe Ulaya."

Nikamweleza habari za hopsi, kwamba ni maua ya mtambazi yanayotia uchungu na kuzuia bia isiharibike upesi. Akanikatiza: "Hiyo si msesewa tu?" Ndiyo, kazi ni ileile ya gome letu la msesewa. Akauliza ndizi nimetia ngapi. Hakuna ndizi, mama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kata moja nitauza bei gani. Nikamwambia hapa kuuza bila leseni hairuhusiwi, ila kujipikia nyumbani ni ruksa, na leseni ya kujipikia iliondolewa mwaka 1963. Akashangaa kwamba mtu alipaswa kuomba leseni apike pombe ya nyumbani kwake. Nami huwa nashangaa.

Saa 5:20. Robo saa kabla ya kuzima nimeizamisha koili ya shaba ya kupozea bia, ichemke pamoja na vyote. Kabla ya kuchemsha, uchafu mdogo hauna madhara. Ukishazima moto, kila kitakachogusa bia lazima kiwe kimepita kwenye dawa ya kuua vijidudu. Ndoo, mfuniko, bomba, hata mkono wangu. Napitisha maji baridi kwenye koili, na Februari inanisaidia: dakika 25 tumefika nyuzi 19. Maji ya moto yaliyotoka mwanzoni nimeyakinga kwa ajili ya kufua.

Saa 6:30. Haidromita, kipimo cha wingi wa sukari, inasoma 1.048. Nilikusudia 1.050. Nimeiandika kwenye daftari pamoja na sababu ninayoihisi: nilisuuza haraka mwishoni. Nikanyunyiza hamira gramu 11, nikafunga mfuniko na kizibo cha hewa, kinachotoa gesi kwa mapovu bila kuingiza hewa.

Kuosha vyombo kulichukua saa moja na nusu. Machicha yalikuwa mazito, kilo tisa hivi kwa kukisia. Kwetu yangekwenda kwa ng'ombe, hapa nimempa jirani mwenye kuku na bustani.

Saa 1 usiku. Navaa sare, nakwenda zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Ndoo iko kabatini, imezungushiwa khanga na blanketi.

Saa 6 usiku ujumbe wa baba watoto ukaingia: "Kimya. Hakuna povu hata moja. Nifungue nione?"

Nikamjibu mbio nikiwa kwenye korido: "Usiguse mfuniko. Hamira huchukua hata siku nzima kuamka. Ikianza kazi hutoa joto. Shika ndoo kwa nje tu, uniambie kama ina uvuguvugu."

Dakika tatu baadaye akaandika: "Ina uvuguvugu."