Bila gari Yorkshire, tulipita kwenye mashamba ya watu

Kijiji tulichopanga kipo Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kati ya Skipton na Malham, kando ya mto Aire. Basi lilipita mara chache kwa siku, na la mwisho halikungoja magharibi. Gari hatukuwa nalo. Mshahara wangu wa kuhudumia wazee uliishia kwenye kodi na mafuta ya kupashia nyumba moto, maana kijijini pale hakuna bomba la gesi. Lori linakuja kukujazia tangi uani, na bei yake utaikumbuka ukiwa umelala. Miezi ya kwanza matembezi yetu yalikuwa dirishani.

Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia ndiye aliyenifumbua macho. Kanunue ramani ya Ordnance Survey (shirika la taifa la ramani), akasema, ile yenye jalada la rangi ya chungwa, ufuate vistari vya kijani. Vistari hivyo ni njia za miguu za umma, hata zikikatiza shamba la mtu. Sheria ya 1949 ilizitaka halmashauri za kaunti zizichore kwenye ramani rasmi, na mwenye shamba haruhusiwi kuziziba.

Mume wangu hakuamini. Siku ya kwanza mshale wa njano, alama ya njia hizo, ulituelekeza kando ya banda la ng'ombe, hatua chache tu kutoka jikoni kwa wenyewe. Akagoma. "Mama watoto, hapa ni kwa watu. Tunapitaje bila hodi?" Akapiga hodi kweli, kwa Kiswahili. Aliyeitikia ni mbwa.

Kosa letu kubwa lilikuwa la ustaarabu. Tulikuta geti liko wazi, tukalifunga vizuri, tukaendelea. Punde tukasikia pikipiki ya magurudumu manne nyuma yetu. Mkulima, mzee wa makamo, akaniita "love", yaani mpenzi (huko hata muuza mkate atakuita hivyo, ila mume wangu alikunja uso) akatueleza taratibu: geti ukilikuta wazi liache wazi, ukilikuta limefungwa lifunge. Kondoo wake walikuwa wanapita pale kwenda kunywa maji.

Tuliomba radhi. Ilikuwa Aprili, kondoo wanazaa, na labda kwa kuwaona watoto akatupeleka bandani. Mwanakondoo mmoja alikuwa amevishwa ngozi ya mwenzake aliyekufa, imembana kama sweta la mdogo wake. Yule jike aliyefiwa alinusa, akanusa tena, kisha akamwacha yatima anyonye. Binti yangu hakusema neno mpaka tunafika nyumbani.

Baada ya hapo hatukukaa tena ndani. Tulifuata mto hadi Malham, kwenye njia ndefu ya miguu iitwayo Pennine Way, inayokwenda mpaka Scotland, urefu wake wote kilomita kama 430. Malham Cove ni jabali la chokaa lenye urefu wa mita kama 80, lililowahi kuwa maporomoko ya maji enzi za barafu. Desemba 2015, baada ya mvua za dhoruba, maji yalimwagika tena kwa muda mfupi. Unapanda ngazi kama 400, halafu juu unakuta uwanja wa mawe yaliyopasukapasuka, na majani yameota ndani ya nyufa.

Kitindamimba wetu aliruka ufa mmoja, mguu ukavuka, kiatu kikabaki. Tulikichokoa kwa fimbo hadi mikono ikachoka. Alirudi mgongoni kwa baba yake, na kiatu kipo kulekule.