Siku 19 za toleo la 1.4

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 27, na kwa imani yangu mwenyewe nilikuwa mtu pekee Moshi nzima anayeweza kubadilisha programu bila kuizima. Nasema kwa imani yangu kwa sababu sikuwahi kumuuliza mtu mwingine.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mtaa mmoja kutoka Double Road. Ukiwahi asubuhi kabla mawingu hayajapanda, ukifungua dirisha la nyuma Kibo hicho hapo, na chini yake mabati, nyaya za umeme na nguo za watu zilizoanikwa. Tulikuwa wanne: bosi, kaka wa mitambo aliyeshughulika na seva, betri na jenereta, dada wa hesabu, na mimi. Mteja wetu mkubwa alikuwa kundi la vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa, huko Uru, Kibosho na Old Moshi. Kazi ya mfumo ilikuwa nyepesi kuieleza. Mkulima analeta kahawa ya maganda, karani anapima, anabonyeza nyota na reli kwenye simu, anaingiza kilo, na mkulima anapata meseji papo hapo: umepokelewa kilo 38.5. Basi. Lakini wazee wengi wa kule walikuwa wameshaonja utamu wa daftari linalopotea, na meseji ile waliitunza kwenye simu kuliko hata salamu za watoto wao walioko Dar.

Mfumo wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa Erlang, lugha ya kuandikia programu, na kaka mmoja ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia Dar. Alituachia msimbo, kurasa sita za maelezo, na namba yake ya simu kwa dharura. Lugha hiyo ilizaliwa Sweden, ndani ya kampuni ya Ericsson, miaka ya 1980, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, kwa ajili ya mitambo ya simu. Mtambo wa simu hauna usiku wala sikukuu. Huwezi kuwaambia watu wakate maongezi eti fundi anaweka toleo jipya. Kwa hiyo ndani ya mazingira ya lugha yenyewe mna uwezo wa kubeba matoleo mawili ya moduli moja, yaani kipande kimoja cha programu, kwa wakati mmoja, la zamani na la sasa, na kuna msimamizi wa kuhamisha mfumo mzima kutoka toleo moja kwenda jingine huku kazi ikiendelea. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilisisimka kama mtoto aliyeonyeshwa kiinimacho.

Mwezi wa kumi, msimu ukiwa umepamba moto, vyama vikaomba kitu kimoja: pamoja na kilo, karani aingize na unyevu. Kahawa isiyokauka inaoza ghalani. Inatakiwa ifike kwenye asilimia 12 hivi, na walikuwa wamenunua vipima unyevu vipya ambavyo kila mtu alitaka kuvishika. Kwangu maana yake ilikuwa kwamba kila rekodi, iliyokuwa na nafasi nne, chama, mkulima, kilo na tarehe, sasa iwe na tano.

Mtu mwenye busara angezima mfumo saa nane usiku, akabadilisha, akawasha. Dakika mbili. Hakuna karani anayepima kahawa saa nane usiku. Leo hii mimi mwenyewe nafanya hivyo karibu kila mara na wala sioni aibu. Lakini bosi alikuwa ameshasimama kwenye mkutano wa vyama na kutamka kwamba mfumo wetu hauzimwi hata dakika moja, na mimi nilikuwa nimekaa viti vya nyuma nikitikisa kichwa kukubali.

Nilijiandaa wiki mbili. Kwa kila moduli inayobadilika unaandika maelekezo: ipi ipakiwe kwanza, mchakato upi, yaani kazi ipi inayoendelea ndani ya programu, usimamishwe kidogo, data iliyo mkononi mwake igeuzwe vipi kutoka umbo la zamani kwenda jipya, kisha uachiwe uendelee. Ujumbe unaofika wakati huo haupotei, unasubiri kwenye sanduku la mchakato wake. Unaandika pia maelekezo ya kurudi nyuma, na hayo ndiyo yanayochosha, maana unaandika kitu unachoomba usikitumie.

Jumapili moja katikati ya hizo wiki nilipanda Kibosho kwa wazazi, baba akaniuliza ni kazi gani hiyo inayonikondesha. Nikamwambia ni kama kutengeneza mfongo maji yakiwa yanapita. Alielewa kabla sijamaliza sentensi. Mifongo yetu, ile inayotoa maji mtoni na kuyatembeza kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, haina siku ya kufungwa. Kila nyumba ina zamu yake na mwenye zamu hataki hadithi. Palipobomoka mnachimba njia ya pembeni, mnaweka kizibo cha magogo ya migomba, mnageuza maji, mnajenga.

"Na kile kizibo cha migomba," baba akasema, "mkishamaliza mnakitoa, mnaweka mawe?"

"Ndiyo, baba." Nilidhani bado tunaongea habari za mfongo.

Jumatano saa nne asubuhi nikafanya. Bosi alitaka iwe mchana, watu wakiwa kazini, ili aone kwa macho. Nilifungua madirisha mawili kwenye skrini: kushoto kilo zinavyoingia, kulia pa kuandikia amri. Amri ya kwanza inafungua kifurushi cha toleo jipya na kukiweka mahali pake bila kugusa kinachoendelea. Ya pili ndiyo yenyewe, inasimika. Nikabonyeza. Kushoto ukapita mstari wa Uru, kilo 22, wenye nafasi nne. Ukafuata wa Kibosho, kilo 31 na nusu, unyevu 11.8. Kati ya mistari ile miwili toleo la 1.3 lilikuwa limetoka na la 1.4 limeingia, na hakuna karani aliyehisi hata upepo. Bosi akapiga meza kwa kiganja. Akaagiza soda na mishikaki, akapiga simu tatu kuwasimulia watu ambao sidhani kama walimwelewa.

Amri ya tatu sikuiandika, na hilo halikuwa kosa. Waliobuni utaratibu ule waliona mbali: toleo ulilosimika linakuwa la sasa, lakini si la kudumu mpaka wewe mwenyewe utamke. Mashine ikizimika kabla hujatamka, itawaka na lile la zamani, kwa hesabu kwamba la zamani angalau tunalijua. Ni kipindi cha majaribio, kama cha mfanyakazi mpya. Kaka wa Dar alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa nne: iache siku moja mbili, ikitulia, idumishe. Nikaandika kikaratasi cha njano, KUDUMISHA IJUMAA, nikakibandika pembeni ya skrini.

Ijumaa nilikuwa Arusha kwenye sendofu ya rafiki yangu. Jumatatu kikaratasi hakikuwepo. Gundi ya vile vikaratasi na vumbi la Moshi havipatani, na feni yetu ilikuwa inavuma kama ya kukaushia mahindi. Muda wote baada ya hapo amri moja tu ya kuorodhesha matoleo ingenionyesha, 1.4 la sasa, 1.3 la kudumu, lakini nani anachungulia kitu kinachofanya kazi? Umeme ulikatika mara mbili tatu, jenereta likanguruma, seva haikujua lolote.

Siku ya 19 ilikuwa Jumatatu pia. Umeme ukakatika saa mbili na nusu asubuhi, kaka wa mitambo akashuka chini kuwasha jenereta, akarudi mikono mitupu. Petroli hakuna. Mlinzi alikuwa amemwazima kijana wa bodaboda wikiendi, "atairudisha leo jioni". Betri ikaanza kulia pii, pii, na baada ya dakika kumi na moja seva ikanyamaza. Mimi wala sikushtuka. Nikasema itawaka tu.

Umeme ukarudi saa tatu na robo, na kweli ikawaka. Ikafa. Ikawaka. Ikafa.

Kilichokuwa kinatokea naweza kukieleza leo kwa utulivu. Toleo la 1.3 lilikuwa limeamka likakuta kwenye diski rekodi za nafasi tano, lenyewe linajua nne. Mchakato unaosoma rekodi unaanguka, msimamizi wake, yaani mchakato mwingine unaoulinda, anauinua, unasoma tena, unaanguka tena. Tulikuwa tumeweka kwamba ukianguka zaidi ya mara tano ndani ya sekunde kumi, msimamizi naye ajitoe, na akijitoa yeye mfumo wote unazimika. Halafu Erlang ina programu ndogo inayokaa pembeni, kazi yake kuuinua mfumo ukianguka; inaitwa heart, yaani moyo. Basi moyo wetu ulikuwa unapiga kila baada ya sekunde kadhaa, ukimfufua maiti yuleyule ili afe tena.

Lakini asubuhi ile sikujua hayo. Niliamini kuzimika ghafla kumeharibu faili la data, na nikapoteza saa nzima kulipekua faili ambalo halikuwa na ugonjwa wowote. Bosi amesimama nyuma yangu, hasemi. Simu ikaanza kuita. Wa kwanza alikuwa mama karani wa Uru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huku wazee wamepanga foleni tangu alfajiri. Simu inaniambia jaribu tena baadaye. Baadaye ni saa ngapi?"

"Mama, naomba uandike kwenye daftari kwa sasa. Kilo na unyevu. Tutaingiza wenyewe."

"Daftari." Akakaa kimya kidogo. "Haya." Aliitamka kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Saa nne na nusu nikapiga Dar. Nikaanza kueleza habari za faili, kaka akanikata. "Ikiwaka, mstari wa kwanza unasema toleo gani?"

Nikasubiri iwake. Nilikuwa nimeuona mstari ule mara mia asubuhi hiyo bila kuusoma. "1.3," nikasema.

"Uliidumisha?"

Sikujibu. Kwa upande wake nilisikia konda akiita abiria wa Mbagala. Naye hakusema neno la lawama, na nusura nimwombe aseme.

Kuna faili linaitwa start_erl.data. Mfumo ukiamka ndilo unalolisoma kujua uwake na toleo gani, na ndani yake mna mstari mmoja wenye namba mbili: ya injini ya Erlang yenyewe na ya toleo lako. Letu lilisomeka 7.3 1.3. Nikauzima moyo kwanza ili uache kufufua. Nikafungua faili, nikafuta 3 ya mwisho, nikaweka 4. Nikalisoma mara tatu, mstari mmoja ule. Nikawasha.

Ikasimama. Dakika moja, mbili, nne. Saa tano kasorobo mstari wa kwanza wa kilo ukaingia kutoka Old Moshi. Hapo hapo, kabla sijanywa hata maji, nikaandika make_permanent, ile amri ya tatu ya kudumisha, kwa vidole vinavyotetemeka, nikakosea, nikaandika tena.

Bosi aliwapigia viongozi wa vyama akawaambia ni umeme. Umeme ulikuwemo, siwezi kusema alidanganya, na mimi nilikaa pale pale nikamsikiliza bila kufungua mdomo. Sikujisikia vizuri.

Makarani wakapiga picha kurasa za madaftari na kututumia kwa WhatsApp. Mimi na dada wa hesabu tukakaa kuingiza, yeye anasoma, mimi naandika. Nyingine zilikuwa zimeandikwa juu ya goti, nyingine zina alama ya kidole chenye matope. Saa mbili usiku tukabakiwa na mstari mmoja wa Uru ambao hatukuweza kukubaliana: 41 au 47. Kilo sita ni pesa ya mtu. Nikapiga.

Mama karani akaenda kutafuta miwani. Akiwa anafunua kurasa akauliza, "Kumbe ilikuwa umeme, wanasema?"

"Hapana, mama. Ni mimi. Kuna kitu nilitakiwa kukifanya wiki mbili na zaidi zilizopita, nikasahau."

Kurasa zikaacha kufunuliwa. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Haya," akasema, na safari hii ilikuwa haya nyingine. "Ni 47. Na mwenyewe yupo hapa mlangoni kwangu tangu jioni, amekataa kwenda kulala mpaka apate meseji yake."

Nikaandika 47. Nikabonyeza. Sikukata simu, naye hakukata, na baada ya muda nikasikia kule kwake, mbali kidogo na simu yake, kitochi kikilia mara mbili, na sauti ya mzee ikisoma tarakimu moja moja.