Kalsiamu, tezi za juu ya figo na presha yangu iliyogoma kushuka

Nilikuwa nameza dawa tatu za presha, amlodipini ikiwemo, na bado mashine inasoma 170 kwa 105. Usiku misuli ya miguu inakaza, naamka kukojoa kila mara, na nikipanda ngazi za shule ninapofundisha mapaja yanalegea. Hospitali niliyoanzia waliniambia ni mawazo, tena huenda dawa simezi. Nilikuwa nameza. Naandika kwa ajili ya wenzangu waliogomewa na presha, maana mimi njia ilifunguka kwa kipimo cha kawaida sana: potasiamu kwenye damu. Inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5.0. Yangu ilikuwa 2.8.

Daktari aliyeyasoma majibu hayo aliigeuza fomu ya maabara, akachora figo mbili na juu ya kila moja kitu kidogo chenye pembe tatu. "Mama, mimi nashuku hapa," akasema. Hizo ni tezi za adrenali. Tabaka lake la nje hutengeneza aldosteroni, homoni inayoiamuru figo ishike sodiamu na itupe potasiamu. Ikizidi, presha inapanda na potasiamu inakwisha mwilini. Jerome Conn, daktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1955.

Nikamuuliza tezi inajuaje itoe kiasi gani. Hapo ndipo alipochora seli, na kalsiamu ikaingia kwenye mazungumzo.

Ndani ya seli hizo kalsiamu iliyo huru ni kidogo mno, pungufu karibu mara 10,000 ya ile iliyo nje. Seli inatumia nguvu nyingi kuihifadhi hali hiyo, kwa sababu kwake kalsiamu ni amri ya kuanza kazi. Anjiotensini II, homoni ya damu inayobana mishipa, ikiigusa seli, kalsiamu inamwagwa kutoka akiba ya ndani, kisha milango iliyo kwenye utando inafunguka na nyingine inaingia kutoka nje. Potasiamu ya damu ikipanda hata kidogo, milango hiyo inafunguka pia. Kalsiamu inashikana na protini iitwayo kalmodulini, na uzalishaji unaanza: kolesteroli, ambayo ndiyo malighafi ya homoni hii, inaingizwa ndani ya mitokondria (vile vinu vya nguvu vya seli), na jeni la kimeng'enya kinachokamilisha aldosteroni linawashwa.

Kwa wagonjwa wengi wenye uvimbe kwenye tezi, kilichoharibika ni milango. Mwaka 2011 watafiti walitangaza hitilafu za jeni KCNJ5: mlango wa potasiamu unaanza kupitisha sodiamu, umeme wa seli unavurugika, kalsiamu inaingia mfululizo na homoni inatoka bila kuhitajika. Mwaka 2013 zikaja hitilafu za CACNA1D, jeni la mlango wa kalsiamu wenyewe.

Nilitaka kujua jambo moja zaidi. Amlodipini kazi yake ni kuziba milango ya kalsiamu; mbona haikunitosha? Akanijibu kwamba inafanya kazi zaidi kwenye kuta za mishipa ya damu. Mishipa inalegea, lakini kwa dozi ya kawaida tezi haitulii, na figo inaendelea kushika chumvi.

Kabla ya kupima aldosteroni na renini (kimeng'enya cha figo kinachoanzisha mlolongo wa kuiamsha aldosteroni) nilipewa kwanza vidonge vya potasiamu, kwa kuwa potasiamu ikiwa chini homoni nayo hushuka na majibu yanadanganya. Damu ilichukuliwa asubuhi, nikiwa nimeshaamka na kutembeatembea, kisha nikakaa kitini kidogo. Renini ilikuwa chini kabisa, aldosteroni juu: tezi ilikuwa inatoa homoni bila kuamriwa. Picha ya CT haikuonyesha uvimbe, kwa hiyo tukakubaliana nitumie spironolaktoni, inayoizuia aldosteroni isifanye kazi yake kwenye figo. Vidonge vya potasiamu daktari akavisimamisha siku hiyohiyo, kwani dawa hiyo huibakiza potasiamu mwilini, na ikipitiliza moyo unaweza kusimama. Kupima potasiamu na kreatinini (inayoonyesha figo zinafanyaje kazi) baada ya kuanza dawa msikuache hata kidogo.

Nyumbani mama mkwe, aliposikia kalsiamu imetajwa, aliondoa maziwa na dagaa mezani. "Mwanangu, hivi tena usile." Alikuwa ananipenda, lakini nilimpigia daktari palepale. Kalsiamu ya damu ina homoni zake zinazoilinda. Kikombe cha maziwa hakifungui milango ya tezi. Tena aldosteroni ikizidi, kalsiamu nyingi hupotea kwenye mkojo na mifupa inadhoofika. Dagaa wakarudi mezani. Kilichoondoka jikoni ni chumvi ya kuongeza na vile vipande vya mraba vya kukolezea mchuzi, na hapo mama mkwe alinisaidia kwa moyo wote.

Leo mashine imesoma 128 kwa 80, potasiamu ni 4.3, na ngazi za shule nazipanda nikiwa na madaftari mkononi. Dada yangu naye ana presha tangu ujana wake, na ugonjwa huu wakati mwingine huenda na ukoo. Wiki ijayo naenda naye akapimwe renini na aldosteroni.