Bawa la Babu

Lile balo la midoli lilimtia Mama hasara. Alikuwa na meza yake pale Mlango Mmoja, hapa Mwanza, akiuza mashuka na nguo za watoto, na mwanzoni mwa 1998, mvua za El Nino zikiwa zimeua biashara, mwenzake alimshawishi wachangie balo moja la midoli ya mitumba. Walipolifungua, nusu nzima ilikuwa wanasesere wasio na vichwa na magari yasiyo na matairi. Chini kabisa palikuwa na boksi lililopondeka, limezungushiwa utepe. Mama alilitikisa, likalia kama kokoto ndani ya kopo.

"Hiki nacho kimevunjikavunjika," akasema, akanisukumia.

Kumbe hakikuwa kimevunjika, ila kilikuwa hakijaungwa. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vya plastiki, zaidi ya mia, vimeshikana kwenye fremu zao, kila kimoja na namba yake pembeni. Juu ya kifuniko palichorwa ndege nyeupe yenye injini nne na tumbo kama la mtumbwi, inapita juu ya bahari ya kijivu. Liliandikwa Airfix, jina la kampuni, kisha Sunderland, jina la ndege, kisha 1/72. Nilikuwa darasa la tano na sehemu tulikuwa tumeshazisoma, lakini sikuelewa sehemu ya nini. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenifungua macho: chukua ndege yenyewe, kila urefu ugawe kwa 72. Ndege halisi, ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa, ina mita 34 na ushee. Yangu ingekuwa na sentimita karibu 48. Nilipima kwa rula ya shule mara mbili, maana sikuamini kama Wazungu wanaweza kupiga hesabu kali hivyo kwa ajili ya mdoli.

Tulikuwa tunakaa Kitangiri, nyumba iliyoegemea jiwe, na Babu, baba yake Mama, alikuwa akishinda chini ya mwembe anashona nyavu za watu. Nikamwonyesha boksi. Alilishika kwa mikono miwili, akalisogeza upande wa jicho lake la kulia, kwa kuwa la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho.

"Hii niliiona," akasema.

Ndani ya nyumba wakaangua kicheko. Hadithi ya Babu na ndege ya majini ilikuwa kongwe kuliko mimi. Akiwa mtoto, anachunga mbuzi, ndege ya Wazungu ilishuka kutoka kaskazini ikakaa juu ya ziwa, hapa hapa Mwanza, ikaelea kama bata, mashua ikaifuata kuchukua mifuko ya barua. Mbuzi walikimbia, na yeye alichapwa kwa ajili ya mbuzi. Mjomba alikuwa na jibu lake kila hadithi ikianza: "Baba, ndege ya kutua majini ni korongo." Hata mwalimu nilipomuuliza alisema ndege za namna hiyo zilikuwa za Kisumu. Ndege tulizozijua sisi zilikuwa za ATC, shirika la ndege la Tanzania, zinazoshuka kule uwanja wa ndege Ilemela kwa magurudumu kama ilivyo ada.

Babu hakujali kicheko. Alikuwa bado anatazama picha. "Ila siyo hii," akaendelea. "Hii imepungukiwa bawa. Ile ilikuwa na bawa juu ya bawa, kama kitanda cha bweni. Na mashine zilikuwa tatu."

"Nne, Babu. Hesabu hapa."

"Hapa ni nne. Kule zilikuwa tatu."

Basi na mimi nikajiunga na wenye kucheka. Niliona mzee ameshikwa pabaya, sasa anageuza maneno.

Niseme mapema kwamba Babu alikuwa sahihi, tena kwa kila kitu. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika, na mwisho wa safari hiyo haukuwa Nairobi wala Kisumu, ulikuwa Mwanza. Abiria waliishia Khartoum. Barua ziliendelea mpaka huku, kwa ndege ya majini iliyoitwa Short Calcutta. Calcutta ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na injini tatu zilizokaa katikati ya mabawa hayo. Mwaka uliofuata njia ilisogezwa hadi Cape Town, Mwanza ikaacha kuwa mwisho wa safari, na jambo lenyewe likasahaulika, isipokuwa kwa wachache waliokuwa ufukweni na mbuzi wao. Na kiwanda kilichotengeneza Calcutta, Short Brothers, ndicho kilichokuja kutengeneza Sunderland. Kwa hiyo Babu alipotazama lile boksi na kusema "hii niliiona, ila siyo hii", alikuwa ametambua ukoo. Haya yote niliyajua nikiwa na miaka 24. Yeye alikuwa ameshafariki miaka mingi.

Lakini turudi kwenye gundi, kwa sababu ndiko nilikoteseka.

Boksi halikuwa na gundi. Siku hizi ninayo ile yenyewe, nyepesi kama maji, ambayo haigandishi plastiki bali inayeyusha kingo mbili kidogo tu mpaka zinakuwa kitu kimoja. Mwaka ule nilikuwa na supaglu ya dukani, kitubu kimoja. Siku ya kwanza niligandisha vidole viwili na ukurasa wa daftari la sayansi. Vipande nilivikata kwa wembe, vingine nilivivunja kwa mkono, na kila nilipovunja palibaki kidonda cheupe ambacho mpaka leo kinaonekana. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imechanika nusu, lakini michoro iliyobaki ilitosha: mshale unatoka namba hii kwenda namba ile. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilisoma kitu kwa Kiingereza bila kuchapwa.

Vioo vya rubani niliviweka kwa supaglu hiyo hiyo, nikafunika ndege kwa sufuria ili panya wasiiguse. Asubuhi vioo vyote vilikuwa vimepiga ukungu mweupe. Mvuke wa supaglu hufanya hivyo ukikosa pa kutokea, na sufuria ilikuwa imeuzuia vizuri kabisa. Nililia. Babu aliiinua ndege mpaka kwenye uso wake, jicho bovu mbele ya kioo kibovu.

"Sasa tumefanana," akasema.

Halafu rangi. Dada alikuwa na rangi ya kucha ya fedha, nikaona ndege ni fedha, basi. Nilipaka bawa la kulia, na kabla sijafika nchani plastiki ilianza kujikunja juu kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ile dawa inayoifanya rangi ya kucha ikauke haraka ndiyo hiyo hiyo inayokula plastiki ya aina hii. Hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba bawa limebabuka na Dada ananitafuta.

Hata hivyo ilikuwa ndege. Ilikuwa na mkia mrefu uliosimama, pua ya duara, mapangaboi manne ambayo matatu yalizunguka ukiyapuliza. Kitu kimoja kilikosekana. Chini ya kila bawa la Sunderland, karibu na ncha, kuna kielea kidogo kama mtumbwi wa kitoto, ili ndege ikikaa majini isilale ubavu. Mimi nilikuwa na kimoja. Cha pili kilipotelea ndani ya balo, au nyumbani kwa huyo mtoto wa Ulaya aliyeanza akachoka. Nilipoiweka ndege kwenye karai, ililalia kushoto ikanywa maji.

Babu hakusema neno. Alivuta wavu uliokuwa miguuni pake, akakata boya moja. Wavuvi wetu wengi walikuwa wakikata maboya kutoka kandambili zilizochakaa, na hilo lilikuwa la bluu, bado lina alama za nyayo za mtu. Alilichonga kwa wembe wangu jioni mbili, kwa kupapasa kuliko kwa kuona, mpaka likawa na pua na tako kama kile cha plastiki. Tukalisimamisha kwa njiti mbili za kiberiti. Kisha akawasha mshumaa, akapitisha nta kwenye mshono wote wa tumbo, kama mafundi wa Mwaloni wanavyokalafati mtumbwi. Tukairudisha kwenye karai. Ilikaa sawasawa.

Sijawahi kumwona mzee akifurahi vile. Aliisukuma kwa kidole kutoka ukingo huu mpaka ule, ikapita, akaisukuma tena.

Nikatangaza shuleni kwamba Jumamosi nitaizindua ziwani, Kirumba. Darasa zima lingekuja. Ijumaa nilitoka shule mbio, nikamkuta Babu amekaa na mgongo wima, ndege iko mapajani, na ndege ina bawa la pili.

Alikuwa amelikata kutoka kwenye kifuniko cha boksi. Kile kifuniko chenye picha, nilichokuwa nakihifadhi chini ya godoro. Bahari ya kijivu ilikuwa imegeuka bawa, na ukiangalia vizuri uliona mkia wa ndege iliyochorwa umekatwa katikati. Njiti nane za kiberiti zilisimama juu ya bawa langu, zimegandishwa kwa supaglu yangu yote iliyobaki, zimelibeba bawa lake. Kati ya njiti na njiti alikuwa amepitisha uzi wa nyavu, mwembamba, umekazwa, unapishana mfano wa X, toka huku mpaka huku.

"Mashine nimekuachia nne," akasema. "Ningeng'oa moja ungenilaumu. Lakini sasa angalau watu wataona."

Mimi sikuona chochote isipokuwa wenzangu kesho yake. Niliona wakicheka ndege ya karatasi, ndege ya babu kipofu. Nikamwambia ameniharibia. Nikamwambia neno alilokuwa akiambiwa na Mjomba, lakini yeye Mjomba alikuwa akilisema kwa utani: nikamwambia ni mwongo. Nikalishika lile bawa nikaling'oa. Njiti zilikatika moja moja, na pale gundi ilipokuwa imeshika sana, zilitoka na ngozi ya plastiki.

Mama alikuwa mlangoni, akasikia. Kilichonipata jioni ile sina haja ya kukieleza.

Babu yeye aliinama akaokota nyuzi chini, akazinyoosha, akazizungushia kwenye sindano yake ya kushonea. Uzi wa nyavu hautupwi.

Jumamosi ndege ilielea Kirumba. Wenzangu walipiga kelele, mmoja akairushia jiwe, upepo ukaisukuma kidogo kuelekea ghubani, kijana wa mtumbwi akaturudishia. Ilikwenda vizuri kwa kweli. Kile kielea cha bluu hakikuyumba hata mara moja. Babu hakuja, alisema goti linamsumbua. Nilimwomba msamaha baada ya kama wiki, kwa sababu Mama alinituma, na yeye akaniuliza kama nimekula.

Picha ya Calcutta niliiona mara ya kwanza mwaka 2011, kwenye kompyuta ya kazini, nikitafuta kitu kingine. Mabawa mawili, injini tatu. Hayo nilikuwa nimeyasikia mara mia. Ambacho hakuwahi kukisema, kwa sababu hakuna aliyemwacha afike huko, ni nyaya. Kati ya bawa la chini na la juu zimepita nyaya nyembamba, zimekazwa, zinapishana mfano wa X, toka huku mpaka huku. Miaka yote ile nilidhani alifunga uzi ili bawa lisianguke.

Nimetengeneza modeli nyingi tangu hapo, magari na ndege, za Tamiya na za Revell, nikiagiza kupitia kwa watu wanaokwenda nje, na mke wangu ameshanyamaza kuhusu gharama. Calcutta naiunda mwenyewe kwa mashiti ya plastiki, kwa kipimo kile kile cha 1/72, na bawa lake linafika karibu sentimita 40. Nimekwama kwenye injini. Ile Sunderland ipo kabatini. Vioo nimevibadilisha, bawa lililobabuka nimelipiga msasa na kulijaza paki, rangi nimeanza upya. Mashimo manane ya njiti sijayaziba. Kielea cha kushoto bado ni cha kandambili.